Hakuna Aliyekataa

Mama yangu hushuka ngazi kinyumenyume. Anageuka, anashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, anateremsha mguu wa kulia, anausubiri wa kushoto, anapumua, kisha anaanza tena. Tunakaa ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na mbili. Ukimuuliza kama ana shida ya kushuka atakuangalia usoni na kukwambia hana, wala hatakuwa anadanganya, kwa sababu kila siku anashuka na kila siku anapanda. Wenye shida, kwake yeye, ni wale wanaobebwa.

Si yeye peke yake. Katika jengo letu wanawake waliofanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wanashuka hivyo karibu wote. Miaka thelathini ya kubeba mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine hadi kwenye kamba inatosha kumaliza goti lolote. Watoto wa jengo wamelifanya jambo hilo mchezo, wanauita "kushuka kikubwa." Hata mimi niliucheza. Nilidhani ukifika umri fulani miguu hugeuka yenyewe, kama meno ya utotoni yanavyong'oka.

Nayasema haya mapema ili ujue nilitokea wapi nilipopata kazi ya udadisi, ya kupita nyumba kwa nyumba na maswali. Ulikuwa utafiti wa afya ya watu, nyumba elfu moja zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kompyuta ya makao makuu. Wadadisi tulikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alipewa kishikwambi chenye dodoso ndani yake, saa ya kuhesabu sekunde, na wiki moja ya mafunzo ambamo tuliimbishwa jambo moja tu: soma swali kama lilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze, usimsaidie mtu kujibu. Unaanza kwa kuuliza mtu alisoma hadi darasa la ngapi. Baadaye unauliza kuhusu mwili. Je, una shida ya kutembea, au kupanda na kushuka ngazi? Majibu ni manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Mwisho wa yote ofisi inaweka mambo hayo mawili kwenye jedwali moja, shule upande huu na mwili upande ule, ionekane kama walionyimwa darasa ndio wanaomalizika viungo mapema, na kwa kiasi gani. Kutokana na jedwali hilo ingeamuliwa kliniki mpya ya viungo ijengwe wapi, mtaani kwetu au kule juu kwenye nyumba za bustani za wenye fedha.

Niliipenda kazi hiyo, sifichi. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kumaliza shule, na kila daftari langu lilitoka kwenye mashuka yale. Niliona kama safari hii elimu yangu imepata kazi ya maana.

Siku ya tatu nilimhoji meneja mmoja mstaafu kwenye nyumba za bustani. Nilipofika kwenye swali la kutembea alikunja uso. "Shida kubwa," alisema. Zamani alikuwa anatembea kilomita sita kila asubuhi, na sasa zikifika nne anachoka. Kisha akakumbuka kwamba miwani yake iko juu, akapanda kuifuata, ngazi mbilimbili. Nikaandika shida kubwa, maana ndivyo alivyojibu. Mchana wake nilikuwa mtaani kwetu, jengo la nyuma, kwa mwanamke mwenye miaka hamsini na mmoja aliyekaa kitini kwa vituo: kwanza mkono mezani, halafu kiwiko, halafu yeye mwenyewe. Hakusoma hata darasa moja. "Hakuna shida, mwanangu," alisema. "Ni mwili tu." Na hilo nalo nikaliandika.

Walioandaa dodoso hawakuwa wajinga, walijua watu hawatumii kipimo kimoja kujipima. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho hauulizi kitu. Unamkalisha mtu kwenye kiti kisicho na mikono, anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara tano, wewe unahesabu sekunde. Kiti hakijui nani alisoma na nani hakusoma. Ukurasa huo una majibu matatu: amepimwa, hakuweza, amekataa.

Msimamizi wetu tulimwita Kasi, kwa sababu hilo ndilo neno lake la asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya pili alitukusanya ofisini.

"Kipimo cha kiti kinakula robo saa," alisema. "Nataka nyumba nane kwa siku, ninyi mnaniletea tano. Kuanzia leo, ukifika ukurasa wa mwisho bonyeza 'amekataa,' songa mbele."

"Lakini hawajakataa," nilisema.

"Wameulizwa?"

"Hapana."

"Basi hawajakubali pia."

Watu wakacheka. Mimi nilipandwa na hasira nikasimama. Nilimwambia kwamba aliyekataa haingii kwenye hesabu ya kiti, na tukimtoa tunabaki na maneno matupu, na kwa maneno mtaa wetu hauumwi kitu. Akatabasamu, akatugeuzia kompyuta yake. Jedwali la mwanzo lilikuwa tayari. Wasiosoma, tisa kati ya kumi hawana shida yoyote. Waliovuka sekondari, wanne kati ya kumi wana shida.

"Unaona? Hao wenzako wana miili ya chuma. Jasho ni dawa."

"Wanashuka ngazi kinyumenyume, mkuu."

"Dodoso haliulizi wanashukaje." Akafunga kompyuta. "Dada, mkataba wako una mwezi mmoja. Ukiendelea na ubishi utamwaga unga kabla haujaisha."

Nikanywea. Nirudie, maana wengine hupenda kusimulia walivyokuwa mashujaa tangu mwanzo: nilinywea. Nilirudi mtaani nikabonyeza kama wenzangu.

Siku sita baadaye orodha ya nyumba ilitoka makao makuu, na yetu ilikuwemo. Sheria haimruhusu mdadisi kumhoji ndugu yake, kwa hiyo akapangiwa mwenzangu tuliyemwita Miwani, mama wa watoto wawili, mpole, mtu wa kutii. Alikuja asubuhi. Mimi nilikaa jikoni mlango ukiwa wazi, nikakatazwa kufungua mdomo.

"Mama, ulisoma hadi darasa la ngapi?"

"Sikwenda shule."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilipeleka wengine."

"Una shida ya kuona, hata ukivaa miwani?"

"Sina miwani."

"Basi hivyo hivyo bila miwani."

"Naona vizuri. Wewe hapo umevaa blauzi ya kijani."

Blauzi ilikuwa ya bluu. Miwani aliiangalia, akajaza alivyoambiwa.

"Una shida ya kutembea, au kupanda na kushuka ngazi?"

"Hakuna."

Mimi jikoni nikakohoa.

"Hicho si kikohozi cha ugonjwa," Mama alimwambia Miwani. "Usikiandike."

"Una shida ya kujihudumia mwenyewe, kama kuoga au kuvaa?"

"Hakuna."

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepiga magoti nikamvalisha soksi. Nilitamani kulia na nilitamani kumzaba mtu kibao, na sikujua nimzabe nani, maana Mama alikuwa anafanya kile alichokifanya maisha yake yote, yaani kutompa mtu yeyote nafasi ya kusema hafai. Pale kazini kwao aliyelalamika goti alirudishwa nyumbani moja kwa moja. Walijifunza kusema hakuna shida kama wengine walivyojifunza kusoma.

Nikamsikia Miwani anasema, "Tumemaliza, mama. Asante kwa muda wako."

Nilitoka jikoni. "Na ukurasa wa mwisho?"

Miwani aliinamisha macho. "Unajua nimejaza nini."

"Amejaza nini?" Mama aliuliza.

Mama aliweka kikombe chini na kusubiri. Ukimjua Mama, unajua hiyo subira haina mwisho.

"Imeandikwa kwamba umekataa kupimwa," nilisema.

"Kupimwa nini?"

"Kusimama na kukaa, kwenye kiti."

"Nani amekataa?"

"Ni utaratibu tu, mama," Miwani alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeuliza nani amekataa." Mama hakupandisha sauti. "Miaka thelathini na moja pale kwenye kufulia sijakataa zamu hata moja. Walinipa ya watu wawili, nikaifanya. Huyu hapa nilikuwa nimembeba tumboni na mashuka nimeyabeba mkononi. Leo mtu anaingia kwangu, nampa chai, anaandika nimekataa. Nimekataa lini?"

Miwani alianza kuomba radhi. Mama alinigeukia.

"Na mtu akikataa inakuwaje?"

Nikamweleza yote. Kwamba anatolewa kwenye hesabu ya kiti, linabaki lile alilosema kwa mdomo. Kwamba ukijumlisha akina mama wote wa mtaani kwetu inaonekana hakuna anayeumwa, na kliniki inapanda kwenye nyumba za bustani.

"Kwa hiyo nimesema sina shida," alisema polepole, "halafu nimeambiwa nionyeshe, nimekataa."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kama muongo."

"Ndiyo, Mama."

Alijiinua kwa kushika meza, akaenda mlangoni, akamwita jirani wa mlango wa pili, ambaye kazini walikuwa wanashikana shuka moja ncha huku na ncha huku kwa miaka kumi na tisa. Alihojiwa? Alihojiwa wiki iliyopita. Alikataa kupimwa? "Kupimwa nini?" jirani aliuliza. Akaitwa wa ghorofa ya pili, ambaye sisi wote tunamwita shangazi. Naye alihojiwa, na kiti hakukisikia hata kutajwa. Kila mmoja alijijibia mwenyewe pale kwenye korido, mimi sikutoa siri ya mtu. Walipofika watano Mama akarudi kwangu.

"Wewe umewaandika wangapi?"

Nilijua idadi yao. Nilikuwa nayo kichwani kila siku.

"Arobaini na watatu."

"Kina mama kama mimi?"

"Wengi wao."

Aliniangalia mpaka nikaona sebule imekuwa ndogo. "Kwa shule ile niliyokupeleka," alisema.

Angenipiga ningepata nafuu. Miwani alikuwa ameshaanza kulia, na mimi nilibaki nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, nimekosa pa kuficha uso. Hakuna mtu amewahi kuniaibisha vile, na hakuna aliyewahi kuwa na haki zaidi.

"Ofisi yenu iko wapi?" Mama aliuliza.

Nilimwambia iko mitaa miwili kutoka pale. Nilimwambia pia kwamba kesho yake asubuhi mtakwimu wa makao makuu anakuja kuchukua jedwali, na likishaondoka ndiyo basi. Akaangalia viti vyetu vinne vya jikoni, akachagua kimoja, akakitikisa kuona kama kinayumba.

"Hiki hakina mikono," alisema. "Utakibeba wewe."

Kesho yake walishuka saba. Nilitangulia na kiti kichwani, nikawasubiri chini, nikaona migongo saba ikiteremka moja baada ya nyingine, mikono kwenye chuma, mguu wa kulia, wa kushoto, pumua. Shangazi alikuwa anahesabu ngazi kwa sauti na jirani anamwambia amekosea. Ofisini kwetu mimi hufika kwa dakika nane. Siku hiyo ilituchukua dakika arobaini, tukipumzika kwenye kila ukuta, na kiti kilitusaidia njiani kwa zamu.

Kasi alikuwa amekaa na mtakwimu, mwanamke mwenye mvi na mkoba mapajani, karatasi zimetandazwa mezani. Aliwaona wakiingia akasimama haraka.

"Karibuni, mama zangu. Kuna tatizo?"

"Tumekuja kupimwa," Mama alisema.

"Samahani, hapa si hospitali."

"Tunajua. Hospitali tunaijua kuliko wewe. Tumeandikwa kwamba tumekataa kupimwa, tumekuja kusema hakuna aliyekataa. Kiti tumekuja nacho."

Kasi alinitazama mimi, maana ndimi niliyekuwa na kiti. "Umetoa nje taarifa za utafiti. Unajua adhabu yake?"

"Mama aliuliza jibu lake mwenyewe. Na hawa waliulizana wenyewe kwa wenyewe." Nikaweka kishikwambi changu mezani, juu ya jedwali lake. "Humu ndani mna watu arobaini na watatu niliowaandika kwamba wamekataa. Sikumuuliza hata mmoja. Uliagiza, na mimi nikafanya. Siwezi tena, na ukinifukuza nifukuze, lakini hao nitarudi kwao kwanza."

"Huyu ana hasira zake binafsi," Kasi alimwambia mtakwimu. "Na wazee wa huku ni wakaidi kidogo, wanakataa vipimo."

Mtakwimu alilamba kidole, akafunua karatasi ya tatu, ya nne.

"Tangu wiki ya pili, asilimia tisini na sita wamekataa," alisema. "Huku na kwenye nyumba za bustani pia. Mji mzima umekataa kukaa kwenye kiti. Nilidhani ni kosa la mashine, ndiyo sababu nimekuja mwenyewe." Akafunga mkoba, akaushusha chini. "Nani wa kwanza?"

"Mimi," Mama alisema.

"Huyu binti ni nani wako?"

"Wa kumzaa."

"Basi wewe kasimame kule ukutani, usimguse."

Nikaenda ukutani. Mtakwimu akachuchumaa mbele ya kiti na saa yake. Mama alikaa, akavuta gauni magotini, akakunja mikono kifuani. Alielezwa: ukisikia anza, simama wima bila kushika kitu, kaa, mara tano, haraka uwezavyo.

"Anza."

Alisimama akakaa. Moja. Akasimama tena, polepole zaidi, akakaa kwa kishindo. Mbili. Mara ya tatu alinyanyuka kiasi cha kiganja kimoja juu ya kiti akakwama hapo. Mapaja yalikuwa yanatetemeka mpaka gauni likawa linacheza. Mikono ilifunguka yenyewe ikatafuta pa kushika, akairudisha kifuani mwenyewe, akajaribu tena. Nilishaacha ukuta.

"Ukutani," Mama alisema bila kunitazama.

Nikarudi. Alijaribu mara nyingine mbili, jasho likimtiririka kwenye paji la uso. Kisha akakaa, akaiacha mikono ianguke mapajani.

"Mbili," mtakwimu alisema. Alikuwa amesimama sasa, ameshika kishikwambi cha Miwani kilichokabidhiwa ofisini jana yake, ukurasa wa Mama umefunguliwa. "Shule umesema hukwenda. Na kwenye ngazi umejibu hakuna shida."

"Kinyumenyume, lakini," shangazi alidakia. "Kama sisi sote."

"Nimesema nashuka, na nashuka," Mama alisema.

"Sikubishii, mama. Hilo ni jibu lako, litabaki kama ulivyolisema. Na la kiti nalo litakaa pembeni yake, watu wasome yote mawili." Akamgeukia Kasi. "Jedwali haliondoki leo. Nyumba zote zinarudiwa." Kasi alifungua mdomo kutaja tarehe, mtakwimu akaendelea kumwangalia mpaka akakaa. Kisha akarudi kwa Mama, na safari hii alizungumza naye kwa adabu kama mtu anayeomba ruhusa. "Hapa kwenye kiti nitaandika kwamba hukuweza. Ndivyo dodoso linavyotaka mtu asipofika tano."

Mimi nilifumba macho. Neno hilo Mama alilikimbia miaka yote, alilifukuza mlangoni kwetu hata lilipomhusu mtoto aliyefeli hesabu. Nilimsikia akipumua.

"Andika," alisema. "Andika sikuweza. Nimejaribu mbele ya watu na sikuweza, hiyo ni kweli na siionei haya. Lakini lile la kukataa lifute."

Mtakwimu alibonyeza, akabonyeza tena, akamgeuzia kioo cha kishikwambi aone. Mama alikitazama bila kukigusa. Herufi hazijui, na hakujifanya anazijua.

"Wewe wa ukutani," aliniita. "Njoo unisomee."

Nilikuja. Macho yalikuwa yameloa, ikanibidi niyafute kwanza.

"Elimu, hakwenda shule," nilisoma. "Kipimo cha kiti, hakuweza."

"Na kukataa?"

"Hakupo."

"Soma tena, hawa wa nyuma hawajasikia."

Nikasoma tena, kwa sauti niliyokuwa naitumia darasani zamani mwalimu akinisimamisha. Wanawake sita wakasikiliza mpaka mwisho. Mama alishika ukingo wa meza ya Kasi, akajiinua, akakipangusa kiti kwa kiganja na kukisukuma kwa jirani yake.

"Haya, kaa," alimwambia. "Na usishike meza, naiangalia."